Fundi wa upepo wa Changamwe: maoni yangu baada ya kazi ya breki za basi letu la kulala

Kwa miezi minne mfululizo basi letu lilikuwa likiamka bila upepo wa breki. Jioni tuliliegesha likiwa na presha kamili, mishale yote miwili ya geji ikiwa kwenye paundi 120, na alfajiri tulikuta mshale wa tangi la nyuma umeshuka sana, na mwishowe ukawa unalala kabisa, huku ule wa mbele ukiwa bado karibu na 90. Ni basi la abiria la zamani ambalo mimi na mke wangu tuliling'oa viti, tukatia vitanda vinne, jiko la gesi na tangi la maji ya kuoga, na ndilo tunalosafiria na wajukuu kwenda Voi, Malindi na Shimoni. Naandika maoni haya kuhusu gereji ndogo ya Changamwe ambayo hatimaye iliuondoa ubovu huo, kwa sababu naamini wenye mabasi na malori hapa Mombasa wanapoteza fedha nyingi kwa kubadilishiwa vitu vizima, na kwa sababu namna fundi huyu alivyousaka uvujaji inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa, ingawa wengi wetu huuogopa. Injini huzungusha kompresa, na kompresa husukuma upepo kwenye tangi la kwanza, ambalo mafundi huliita tangi la maji kwa kuwa unyevu unaoingia pamoja na hewa hutua humo. Kutoka hapo mabomba mawili huachana: moja hulisha tangi la breki za nyuma na jingine hulisha tangi la breki za mbele, ili upande mmoja ukipasuka dereva abakiwe na upande wa pili wa kusimamishia gari. Katika mlango wa kila moja ya matangi hayo mawili hufungwa vali ya njia moja, ambayo mafundi wetu huiita cheki vali, kijidude cha shaba kilichozidi kidogo tu unene wa kidole gumba, chenye kisahani cha mpira na springi ndani yake. Upepo ukija kutoka kwa kompresa hukisukuma kisahani na kupita. Ukitaka kurudi, kisahani hukaa kwenye kiti chake na kuziba njia. Maana yake ni kwamba bomba la kompresa likikatika ukiwa unateremka Mazeras, au tangi la kwanza likitobolewa na kutu, matangi mawili ya breki hubaki yamejaa, na dereva hupata nafasi ya kutoka barabarani salama. Cheki vali ikishindwa, ulinzi huo haupo tena, na la kutisha zaidi ni kwamba gari linaweza kutembea miezi mingi bila kuonyesha dalili yoyote njiani, kwa kuwa kompresa huendelea kujaza kile kinachopotea.

Gereji ya kwanza tuliyolipeleka, ambayo sitaitaja, haikuwa na nia mbaya, lakini ilianza kufungua spana kabla ya kuuliza swali. Walisikia kwamba asubuhi tunangoja muda mrefu hadi king'ora cha presha ndogo kinyamaze, wakaamua kompresa imechoka. Tukanunua kompresa. Hali ilipobaki vilevile wakabadilisha mabomba matatu ya mpira yanayopeleka upepo kwenye magurudumu ya nyuma, kisha mipira ya ndani ya chemba za breki, yaani vikopo ambamo upepo husukuma breki, na kila mara waliunga viungo upya kwa kuvizungushia utepe mweupe unaotumiwa na mafundi wa mabomba ya maji. Mwishoni wakalipima gari kwa dakika moja, mshale haukusogea kwa kiasi cha kuonekana, wakaniambia kwamba liko sawa na kwamba kila gari la upepo hupungua usiku. Ni kweli kwamba kila gari hupungua kidogo, lakini tangi moja kuisha kabisa huku la pili likibaki na robo tatu ni habari iliyoandikwa wazi kwenye geji, na hakuna aliyekaa kuisoma.

Gereji ya Changamwe nilielekezwa na dereva wa basi la Malindi ambaye huegesha jirani na sisi. Haina kibao wala ukuta; ni uwanja wa changarawe wenye paa moja la mabati, katikati ya magereji ya malori yaliyo karibu na barabara kuu ya Nairobi. Nilipompigia fundi simu hakuniuliza nimeshabadilisha nini. Aliniuliza ni mshale upi unaoanguka, unaanguka kwa muda gani, na kama basi huinama upande wowote. Kisha akanitaka nifike Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla malori hayajaanza kunguruma, kwa sababu kazi ya upepo, kwa maneno yake, ni kazi ya masikio. Niliona kama usumbufu, maana hiyo ndiyo saa yangu ya kukaa barazani na kikombe cha kahawa, lakini nilipoiona kazi yenyewe nilimkubalia.

Alianza kwa kutia kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu, akaegemeza chesisi juu ya magogo mawili ya mwembe, kwa sababu basi letu lina mifuko ya upepo nyuma badala ya springi za chuma, na mifuko hiyo ikiisha upepo mwili wa gari hushuka juu ya mtu aliye chini yake. Hilo peke yake gereji ya kwanza haikulifanya hata siku moja. Kisha akawasha injini, akaacha presha ipande, na mshale ulipofika 85 akabonyeza saa ya simu yake. Ulifika 100 baada ya sekunde 26. Akanieleza kwamba kipimo cha kawaida ni kwamba safari hiyo ya kutoka 85 hadi 100 isizidi sekunde 45, hivyo kompresa haina kosa, na kwamba kungoja kwetu kwa asubuhi hakukutokana na pampu dhaifu bali na tangi tupu. Aliendelea kujaza hadi kidhibiti kilipoikata kompresa kwenye 120, akazima injini, akanitaka nizime pia friji na feni ya chumbani.

Kilichofuata kilikuwa kimya. Aliachia hendibreki, akatazama mishale kwa dakika moja bila kugusa pedali. Kwa gari moja lisilo na trela, alisema, presha isipotee zaidi ya paundi 2 kwa dakika. Haikupotea hata paundi moja tuliyoweza kuiona. Akakanyaga pedali na kuishikilia dakika nyingine, ambapo kikomo ni paundi 3, na hapo pia mishale ilitulia. Nilidhani ataniambia yale niliyoambiwa kwanza. Badala yake alirudisha hendibreki, akaketi kwenye ngazi ya mlango, akasema, "Mzee, kipimo cha dakika moja kinatafuta hatari ya barabarani. Hiki chako ni cha usiku, lazima tukipe muda." Tulikaa nusu saa. Mshale wa mbele ulikuwa umeshuka kama paundi 2, wa nyuma ulikuwa umeshuka 14. Mtu akipiga hesabu ataona kwamba mwendo huo, ukiendelea na kupungua kadiri presha inavyopungua, unalimaliza tangi karibu lote ifikapo alfajiri, na kwa hivyo dalili yetu ya miezi minne ilikuwa imekwisha kuthibitishwa kabla ya spana yoyote kutoka sandukuni.

Alichukua chupa ya maji ya sabuni ya vyombo na brashi ya rangi, akapaka kila kiungo cha mzunguko wa nyuma: viungo vya tangi, vali ya pedali, vali ya kugawa upepo iliyo juu ya ekseli, mipira, chemba. Kiungo kimoja tu kilitoa povu, nacho kilikuwa cha vali inayosawazisha mifuko ya upepo upande wa kushoto, povu dogo lililokua taratibu kama punje ya mtama. Hicho ndicho kilichokuwa kikiinamisha basi hadi wajukuu wakilalamika kwamba wanalala vichwa chini. Alikikaza, akakipaka tena, kikabaki kikavu. Lakini alisema mvujo mdogo kama huo haumalizi tangi, tena mifuko ya upepo inalishwa kupitia vali ya ulinzi inayofunga presha ikishuka hadi karibu 65, ili breki zisiibiwe upepo na starehe. Mshale wetu ulikuwa ukienda chini ya hapo. Upepo ulikuwa na njia nyingine.

Hapa ndipo nilipouona ufundi. Kama mzunguko mzima wa nyuma hauvuji nje, alisema, basi upepo unatoka kwa mlango ule ule ulioingilia. Akaingia uvunguni na kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, ncha nyingine akiipitisha kwenye tangi la kwanza, lile lisilo na geji. Kwenye koki ya chini, inayotumiwa kumwagia maji, alisimama. Akanipa mimi nisikilize. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya mbu, na kwa kelele za mchana wa Changamwe isingesikika hata kwa mtu aliyelala juu yake. Akapaka sabuni, ikatoa povu.

Nikasema basi tumeupata ubovu, tubadilishe koki. Akakataa. "Koki ikivuja, tangi hili ndilo liishe," alisema. "Kwa nini la nyuma linalifuata?" Akaniweka mbele ya geji na mke wangu akamtuma asimame mlangoni apokee habari, kisha akaifungua koki yote. Upepo ulitoka kwa kishindo pamoja na maji ya rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni mchanganyiko wa unyevu wa pwani na mafuta ya kompresa. Tangi likatulia. Kama cheki vali zote mbili zilikuwa nzima, kimya hicho kingekuwa kamili na mishale yote miwili ingesimama palepale. Mshale wa mbele ulisimama. Wa nyuma ulianza kuteremka mbele ya macho yangu, 104, 100, 95, huku kwenye koki iliyo wazi ukisikika mluzi usiokoma wa upepo wa tangi la nyuma ukirudi kinyumenyume kupitia tangi la kwanza na kwenda zake. Kwa dakika tatu ulipoteza zaidi ya ulivyopoteza kwa nusu saa, kwa sababu sasa hakukuwa na koki nusu-iliyofungwa ya kuuchelewesha. Nimeendesha magari ya breki za upepo tangu ujana wangu, na sikuwahi kufikiria kwamba vali ambayo mtu haioni inaweza kupimwa kwa kufungua koki moja na kutazama geji.

Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili yaliyoshikana mikono. Koki iliyovuja peke yake ingemwaga tangi la kwanza usiku, nasi asubuhi tusingejua, kwa kuwa halina mshale na kompresa hulijaza kwa muda mfupi. Cheki vali mbovu peke yake isingeonyesha chochote, kwa kuwa presha ya pande zake mbili ingekuwa sawa. Yalipokutana ndipo tangi la nyuma likapata njia ya kutokea, na ndiyo sababu sabuni ya gereji ya kwanza, iliyopakwa kwenye magurudumu tu, haikutoa povu popote. Wangebadilisha koki kwa bahati, dalili ingetoweka na sisi tungeendelea kuteremka Mazeras tukiwa na tangi la nyuma lisilo na ulinzi.

Alimwaga matangi yote hadi sufuri kabla ya kugusa kiungo chochote, akaifungua cheki vali, akaiweka kwenye kitambaa juu ya bonde la mkono wake ili nione. Kuzunguka kiti cha kisahani kulikuwa na pete ya utando wa kahawia, mgumu kama masizi yaliyoganda, ambao alieleza kuwa ni mafuta ya kompresa ya zamani yaliyoungua kwa joto na kusafiri na upepo. Hilo ni la uzee na halina mtu wa kulaumiwa. Lakini chini ya kisahani, kikiwa kimebanwa upande mmoja, kulikuwa na uzi mweupe wenye urefu wa punje ya mchele. Alioutoa kwa sindano ulikuwa ni kipande cha utepe wa mafundi wa mabomba. Mtu alipokuwa akiunga kompresa mpya aliuzungusha hadi mwisho wa nyuzi za skrubu za kiungo, ncha ikakatika ndani, upepo ukaibeba hadi mlango wa kwanza mwembamba ulioukuta. Hapo nikakumbuka kwamba kabla ya kompresa kubadilishwa mshale wa nyuma ulikuwa ukibaki kwenye 40 au 50 asubuhi, na ni baada ya matengenezo ndipo ulipoanza kulala kabisa. Fundi huyu hatumii utepe huo kwenye upepo hata kidogo. Anatumia gundi ya maji ya kuzibia nyuzi, anaanza kuipaka baada ya nyuzi mbili za mwanzo, ili isimwagike ndani.

Kwa kuwa hana ghala la spea, nilitumwa mjini kesho yake na vali ya zamani mfukoni. Ya kwanza niliyouziwa ilikuwa nzuri machoni, yenye mshale wa kuonyesha mwelekeo uliochongwa vizuri, lakini aliponipokea aliiweka mdomoni na kupuliza. Upande wa kuingilia upepo ulipita, kama inavyotakiwa. Akaigeuza na kupuliza tena, akanipa mimi nipulize, na nikahisi pumzi yangu ikipenya polepole. Vali isiyoweza kuzuia pumzi ya mzee haitazuia tangi, kwa sababu presha ndogo ndiyo mtihani mgumu kwa kisahani cha mpira. Presha kubwa hukisaidia kujibana. Duka lilinibadilishia bila maneno na nikaongeza shilingi 700 kupata iliyo bora. Alibadilisha cheki vali zote mbili, ya mbele pia, ingawa ilikuwa bado inafanya kazi, na kwa hilo sikubishana naye kwa kuwa zilikuwa za umri mmoja na aliniachia uamuzi baada ya kunieleza. Mshale wa kila vali aliuelekeza kwenye tangi, akaniita nihakikishe kwa macho yangu. Kuifunga kinyume ni kosa linalotokea, na tangi hilo halijai kamwe.

Wenye magari yaliyo na kikausha hewa kati ya kompresa na matangi wajue kwamba hali yao inatofautiana kidogo, na nilimwuliza kwa ajili ya jirani yangu. Kikausha hewa hupumua nje kwa nguvu mara moja kila kompresa inapokatwa, na pumzi hiyo ni ya kawaida. Ikiendelea kuvuja polepole baada ya pumzi kwisha, mtuhumiwa wa kwanza ni cheki vali ya kikausha chenyewe, kwa kuwa upepo wa matangi unarudi na kutokea kwenye tundu hilo. Ikivuja wakati kompresa inajaza, basi ni vali ya kupumulia iliyokwama wazi, na hiyo ni kazi nyingine.

Bei zake ni za wastani. Ukaguzi wa Jumapili ulikuwa shilingi 2,000, kazi ya kufunga ilikuwa 2,500, na spea zote, yaani cheki vali mbili, koki moja na viungo viwili, zilinigharimu 6,300. Jumla yake haifiki theluthi ya bei ya kompresa ambayo basi letu halikuihitaji. Nilipewa risiti iliyoandikwa kwa mkono, yenye kila kitu kwa jina lake, na spea za zamani nilirudishiwa katika mfuko.

Nina malalamiko pia, na nayasema kwa heshima. Uwanja hauna kivuli cha kutosha na mke wangu alikaa ndani ya basi lenye joto kali kutoka saa nne hadi saa saba siku ya pili, kwa sababu feni ilikuwa imezimwa kwa ajili ya kusikiliza. Choo kiko kwenye gereji ya jirani na lazima uombe ufunguo. Kazi ya siku ya pili ilichelewa saa tatu kwa kuwa lori lililokwama barabarani lilipewa nafasi mbele yetu. Naelewa sababu, lakini angeweza kupiga simu. Pia hafanyi kazi ya chemba za breki zenye springi kubwa ndani yake. Hizo huzipeleka kwa mwenzake mwenye mtambo wa kuzibania, na ingawa baadhi ya wateja humlaumu, kwangu hilo ni jambo la kumsifu, kwani springi hiyo ikiruka wakati chemba inafunguliwa bila kubanwa humuua mtu.

Sasa ni wiki ya sita. Tumekwenda Voi na kurudi, tumelala usiku wawili Tiwi, na kila asubuhi mimi ndiye wa kwanza kupanda kwenye kiti cha dereva kutazama geji. Juma lililopita niliegesha kwenye 120 saa mbili usiku, na saa kumi na mbili asubuhi mshale wa nyuma ulikuwa kwenye 106 na wa mbele kwenye 109. Mara mbili nimerudia mwenyewe kile kipimo cha koki, na mishale yote miwili imesimama huku tangi la kwanza likinyamaza kimya kabisa. Kila jioni namwaga maji ya matangi, jambo ambalo zamani nilikuwa nikilifanya mara moja kwa mwezi, na kwa unyevu wa Mombasa hutoka kama nusu kikombe cha chai hata siku ambayo hatukwenda mbali.

Ukienda kwake, fika kabla malori hayajaamka, gari likiwa na presha kamili, na usimwage maji ya tangi kabla ya kufika, kwa maana hupenda kuyaona kwanza kwenye kiganja chake.